Uhamishikaji wa mfumo wa uendeshaji

Uhamishikaji wa mfumo wa uendeshaji ni uwezo wa mfumo huo kufanya kazi kwenye kompyuta zenye prosesa za aina tofauti bila kuandikwa upya wote. Kila familia ya prosesa, kama x86 na ARM, ina maagizo yake. Programu iliyotayarishwa kwa maagizo ya x86 haiwezi kuendeshwa moja kwa moja na prosesa ya ARM.

Jinsi unavyopatikana

Mfumo unaohamishika huandikwa kwa sehemu kubwa katika lugha kama C, kisha kompaila huugeuza kuwa maagizo ya prosesa inayokusudiwa. Sehemu ndogo tu, inayohusu kuwashwa kwa mashine, mpangilio wa kumbukumbu na ishara za vifaa, huandikwa upya kwa kila aina ya prosesa.

Historia

Unix ilianza mwaka 1969 kwenye kompyuta ya PDP-7. Mwaka 1973 kiini chake kiliandikwa upya katika C, hatua iliyorahisisha kukihamisha. Linux ilianzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991 kwa ajili ya prosesa ya Intel 80386. Toleo la 1.2 la mwaka 1995 liliweza pia kutumika kwenye Alpha, SPARC na MIPS. Leo kiini cha Linux ndicho msingi wa Android.

Afrika Mashariki

Ufuatiliaji wa afya na idadi ya watu ulianza mwaka 1998 katika wilaya ya Rufiji, Tanzania, iliyojumuisha Kibiti wakati huo. Taarifa za kaya ziliandikwa kwenye karatasi kwanza, kisha zikaingizwa kwenye kompyuta. Katika kisiwa cha Rusinga, Kenya, ufuatiliaji wa namna hiyo ulitumia programu ya OpenHDS na tableti za Android. Tableti kwa kawaida hutumia ARM, na seva zinazopokea taarifa x86, lakini Linux inaweza kuendesha zote mbili.

Mipaka

Kuhamisha kiini pekee hakutoshi: kila kifaa huhitaji draiva yake, na programu nyingi hutayarishwa upya. Uwezo huo pia unaweza kuondolewa. Toleo la 3.8 la Linux, mwaka 2013, liliacha kutumika kwenye 80386, prosesa iliyoanzia. Kwa hiyo shule au fundi wa Kibiti au Nyamisati anayepokea kompyuta iliyotumika hutazama kwanza aina ya prosesa, ndipo achague mfumo.