Kisahani Kifuate Mkono: Umbali na Usalama wa Warushaji Vijana wa Katavi

Msimu wa mvua unapomalizika na nyasi za viwanja kuanza kukauka, shule za sekondari za Mkoa wa Katavi, kuanzia Manispaa ya Mpanda hadi Nsimbo, Mlele, Mpimbwe na Tanganyika, hujiandaa kwa michezo ya UMISSETA. Mpira wa miguu na netiboli huvuta watazamaji wengi. Pembeni mwa uwanja, katika duara lenye kipenyo cha mita 2.5, hufanyika mchezo wenye mashabiki wachache lakini unaoudai mwili mambo mengi: kurusha kisahani.

Kila mrushaji hutaka kujua afanye nini ili kisahani kiende mbali zaidi. Mara nyingi huambiwa aongeze nguvu. Ushauri huo una ukweli nusu, na kwa mwili ambao bado unakua unaweza kuleta madhara. Yapo mambo mawili yanayotangulia nguvu: uchaguzi wa kisahani na namna kinavyokaa mkononi.

Uzito unaofaa

Kisahani cha wanaume wazima kina uzito wa kilo 2 na kipenyo cha sentimita 22 hivi. Cha wanawake kina kilo 1 na kipenyo cha sentimita 18 hivi. Katika mashindano ya kimataifa, wavulana walio chini ya miaka 18 hutumia kilo 1.5, na walio chini ya miaka 20 hutumia kilo 1.75. Wasichana wa rika hizo hutumia kilo 1.

Rekodi za dunia zinaonyesha uzito wa jambo hili. Mwaka 1988 Gabriele Reinsch wa Ujerumani Mashariki alirusha kisahani cha kilo 1 kikafika mita 76.80. Mykolas Alekna wa Lithuania, aliyefika mbali kuliko wanaume wote, alirusha cha kilo 2 mita 75.56 mwezi Aprili 2025. Mwanamke huyo hakumzidi mwanamume huyo kwa nguvu za misuli. Alirusha chombo kilicholingana na mwili wake, akakipa kasi kubwa kilipokuwa kikiuacha mkono. Kasi hiyo ndiyo inayoamua umbali kuliko jambo jingine lolote.

Pale ambapo shule ina kisahani kimoja tu, nacho ni cha watu wazima, mwanafunzi wa kidato cha kwanza hulazimika kukitumia. Vidole vyake havifiki vizuri ukingoni. Hukibana kwa gumba, hukunja kifundo cha mkono, na misuli ya kigasha hukakamaa kabla hata hajaanza kuzunguka. Kisahani hutoka polepole kikiyumba na kuanguka karibu. Mwalimu huona mtoto dhaifu, kumbe mtoto amepewa kifaa kisicho chake.

Upo pia mgawanyo wa uzito. Visahani vya mashindano huwa na ukingo wa chuma. Uzito mwingi ukiwa ukingoni, mzunguko hudumu zaidi hewani, lakini mkono huhitaji kasi kubwa kuuanzisha. Anayejifunza hunufaika zaidi na kisahani ambacho uzito wake umesambaa kuelekea katikati.

Mshiko sahihi

Mrushaji hashiki kisahani kama anavyoshika mpini wa jembe. Pingili za mwisho za vidole vinne huukumbatia ukingo, vidole vikiwa vimeachana kidogo. Wapo wanaokiweka kidole cha shahada karibu na cha kati, na mtindo huo pia unakubalika. Gumba hulala juu ya kisahani bila kukandamiza. Kiganja hubaki kimetulia na kifundo cha mkono hunyooka.

Anayeanza huogopa kwamba kitamponyoka. Akiubembeza mkono nyuma na mbele, atahisi mwendo wenyewe ukikisukuma kisahani kwenye ncha za vidole vyake. Hilo ndilo linalokishikilia. Kikiendelea kuponyoka, au akihitaji kukunja kifundo ili kisianguke, kisahani hicho ni kikubwa mno kwake.

Wakati wa kuachia, kisahani hubingirika kutoka upande wa kidole kidogo na huuacha mkono kwa kidole cha shahada. Kwa anayetumia mkono wa kulia, kikitazamwa kutoka juu, huzunguka kwa mwelekeo wa mishale ya saa. Mzunguko huo hukituliza hewani kama pia inavyosimama wakati inazunguka. Mazoezi mazuri ya awali ni kukibingirisha chini, kwenye ardhi tambarare, mpaka kiende wima bila kuyumba.

Upepo nao una sehemu yake. Wengi hudhani upepo wa nyuma ndio unaosaidia. Kwa kisahani, upepo wa wastani unaotoka mbele huweza kukiongezea umbali, kwa kuwa hewa inayopita juu na chini yake hukiinua. Sharti ni kukirusha chini kidogo kuliko kawaida. Kikiinuliwa mno, upepo huohuo hukirudisha.

Mifupa inayokua

Karibu na ncha za mifupa ya kijana kuna tabaka la gegedu ambalo ndilo linalorefusha mfupa. Hadi litakapogeuka kuwa mfupa kamili, tabaka hilo ni dhaifu kuliko kano zinazoshikilia kiungo. Mvuto ambao kwa mtu mzima ungechosha msuli, kwa kijana unaweza kuliumiza tabaka hilo. Kisahani hakikitesi kiwiko kama mkuki, lakini bega, goti na sehemu ya chini ya mgongo hubeba mzigo mkubwa wakati wa kuzunguka. Kubana kwa nguvu nako huleta maumivu upande wa ndani wa kiwiko.

Kijana apelekwe kituo cha afya akiwa na maumivu yanayomwamsha usiku, uvimbe, kiwiko kisichonyooka, ganzi katika kidole kidogo na cha pete, au maumivu ya mgongo yanayodumu zaidi ya wiki mbili. Kiungo kilichoumia kisichuliwe wala kuvutwa kabla ya kupimwa. Kuchua kunaweza kusogeza sehemu iliyovunjika.

Yanayowezekana shuleni

Kisahani kinachofaa si lazima kitoke dukani. Fundi seremala wa Mpanda, mji uliozungukwa na misitu ya miombo yenye mninga, anaweza kuchonga kisahani chepesi cha mazoezi chenye kipenyo cha sentimita 18. Kipigwe msasa hadi ukingo uwe laini, kisha kipimwe kwenye mizani ya duka. Kikipata ufa kiondolewe, kwa sababu vibanzi hukata vidole.

Mafunzo yafuate ngazi. Mwanafunzi aanze kwa kubembeza na kubingirisha, kisha arushe akiwa amesimama. Kuzunguka ndani ya duara kuje baada ya kisahani kutoka mkononi bila kuyumba mara nyingi mfululizo. Misuli ipashwe moto kabla, na siku za kurusha zitenganishwe na siku za kupumzika. Wanaosubiri zamu wasimame nyuma ya mrushaji, mbali naye, na asiwepo anayeokota visahani wakati mwingine anarusha.

Mwalimu anayeandaa timu ya mwaka huu anaweza kuanza kwa kumpa kila mwanafunzi kisahani na kumtazama anavyokishika akiwa ameuteremsha mkono. Vidole visipofika ukingoni, atafute kidogo zaidi. Umbali utaongezeka kadiri kijana anavyokua, mradi bega na mgongo wake vifike huko vikiwa vizima.