Ngisi wa Vilindi: Mioyo Mitatu na Damu ya Buluu

Ngisi tunayemjua katika majiko yetu ya pwani ni yule wa kukaanga au wa kupikwa kwa nazi. Leo tumtazame jamaa yake akaaye mbali nasi, katika bahari ya baridi kali izungukayo Antaktika, ambaye hapa tutamwita ngisi dubwana.

Kiumbe huyu alipewa jina na wataalamu mwaka 1925, si kwa kuonekana baharini, bali kwa mabaki ya mikono yake yaliyokutwa tumboni mwa nyangumi. Mwaka 2007 wavuvi wa New Zealand walimpata mmoja mwenye uzito wa kilo 495, naye akahifadhiwa katika makumbusho ya Te Papa, mjini Wellington. Miongoni mwa wanyama wasio na uti wa mgongo, hajapimwa aliyemzidi kwa uzito.

Kama ngisi wote, ana mioyo mitatu. Miwili husukuma damu kwenye matamvua ikapate oksijeni, na wa tatu huisambaza mwilini. Damu hiyo ni ya buluu, kwa kuwa kinachobeba oksijeni ndani yake ni shaba, ilhali katika damu yetu ni chuma. La ajabu zaidi ni ubongo wake: una umbo la pete, na umio umepenya katikati, hata kila tonge limezwalo hupita katika tundu la ubongo. Basi hana budi kulikatakata windo kwanza kwa mdomo wake mgumu, mfano wa kasuku.

Jicho lake hufikia upana wa sentimita 27, kuliko mpira wa kandanda. La nini jicho kubwa hivyo gizani? Watafiti walieleza mwaka 2012 kwamba nyangumi apigapo mbizi huwashtua vijidudu vya baharini vikatoa nuru, na ngisi huweza kuiona nuru hiyo kwa umbali unaozidi mita 120, akawahi kukimbia.

Yeye mwenyewe si mkimbizaji wa mawindo. Huelea akivizia, kwani mwilini amebeba maji ya amonia yaliyo mepesi kuliko ya bahari (kwa hiyo kitoweo tusimtamani). Makadirio ya mwaka 2010 yalionesha kuwa samaki mmoja wa kilo 5 angemtosha ngisi wa kilo 500 kwa siku zipatazo 200.

Tarehe 9 Machi 2025, karibu na visiwa vya South Sandwich, kamera ilimnasa kwa mara ya kwanza akiwa hai katika kilindi chake, mita 600 chini. Alikuwa mtoto wa sentimita 30, mwangavu kama kioo.