Safari ya Miguu Kwenda Kwenye Maporomoko, Masika na Kiangazi

Leo nataka kuzungumza nanyi habari za safari ambayo wengi wenu wakaao Kibosho, Uru na Machame mmekwisha kuifanya, na ambayo wanafunzi huitamani sana siku za likizo, yaani kupanda kwa miguu kupita mashambani hata karibu na msitu, ili kuyatazama maporomoko ya maji. Yajulikanayo zaidi pande zetu ni yale ya Materuni, huko Uru kwa jirani zetu wa mashariki. Maji yake huanguka yapata mita 80, yaani zaidi ya futi 250. Njia yenyewe si ndefu. Mtu mwenye miguu mizuri hutoka kijijini akafika chini ya maporomoko kwa muda wa saa moja hivi. Lakini ufupi huo ndio uwadanganyao watu, kwani njia ile ile iliyo salama mwezi wa Februari yaweza kumpoteza mtu mwezi wa Aprili.

Kwanza yafaa tujue sababu ya maporomoko kuwapo. Kilimanjaro ni mlima wa volkano. Mawe yake yalitoka chini ya nchi yakiwa moto na majimaji, yakaganda tabaka juu ya tabaka. Mengine ni magumu kama chuma, mengine ni jivu na kokoto zilizoshikana tu. Mto upitao juu ya mwamba mgumu hauukati upesi, bali ukifika penye tabaka laini hulila na kulichimba, na mwamba wa juu hubaki ukining'inia kama ukingo wa paa. Ndiyo maana maporomoko yetu mengi yako ndani ya mabonde membamba yenye kuta pande zote. Tena ndiyo maana mawe huanguka mara kwa mara kutoka juu, wala si busara kusimama nyuma ya maji au chini yake kabisa, hata siku ya jua.

Sasa tazameni habari za mvua. Mji wa Moshi hupata mvua isiyofika milimita 1,000 kwa mwaka. Lakini ukipanda mteremko wa kusini hata kimo cha mita 2,200 hivi, ndani ya msitu, mvua hufika milimita 3,000. Kibosho na Uru ziko chini ya mteremko huo huo wenye mvua nyingi kuliko pande nyingine zote za mlima. Basi mtu aweza kuwa anaota jua juu ya jiwe katikati ya mto, huku kilomita chache tu juu yake mvua inamwagika na yeye hana habari. Mteremko ni mkali, mabonde ni membamba, na maji hayana mahali pa kutandaa. Hushuka yote pamoja kwa nguvu. Watu wengi huangalia mbingu iliyo juu ya vichwa vyao. Mwendaji mzuri huangalia wingu lililo juu ya msitu.

Msitu nao una kazi yake. Majani, mizizi, na zile nyuzi za kijani zining'iniazo matawini kama ndevu za mzee hukamata mvua na hata ukungu, zikayaachia maji kidogo kidogo. Kwa hiyo mito yetu haikauki kiangazi, na sehemu kubwa ya maji yake yatoka msituni, wala si kwenye barafu ya Kibo kama wengi wadhanivyo. Maji hayo hayo huingia katika mifongo iliyochimbwa na babu zetu ili kunywesha migomba na kahawa, na yanayobaki huteremka kwa mto Weru Weru na Kikuletwa hata bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha mto Pangani na bahari. Mahali palipokatwa miti, mto hugeuka tabia: huja kwa ghadhabu wakati wa masika, ukawa mwembamba kama uzi wakati wa kiangazi.

Masika yetu huanza Machi hata Mei. Wakati huo maporomoko hupendeza mno. Mngurumo wake husikika kutoka mbali, na manyunyu yake hulowesha mtu kabla hajafika. Lakini udongo mwekundu wa njia huwa kama sabuni, siafu hutoka wakakata njia, na vivuko huharibika. Mimi sioni sababu ya kuwachukua watoto wa shule huko mwezi wa Aprili, hata wakilia. Toka Juni hata Agosti mvua hupungua, ila baridi ni kali na ukungu hulala mabondeni, na chini ya miti njia haikauki upesi. Vuli ya Novemba na Desemba ni ya hila kuliko masika, kwa kuwa mvua huja ghafula baada ya siku kadhaa za jua, na watu wamekwisha kusahau. Januari na Februari maji ni machache, njia ni kavu, na mlima huonekana wazi asubuhi. Po pote mwezi uwapo, ondokeni mapema. Jua likipanda, upepo huchukua hewa yenye unyevu juu ya mteremko, na aghalabu ifikapo saa sita mawingu yamekwisha kuufunika msitu.

Kabla ya kushuka bondeni, ulizeni. Hakuna ajuaye hali ya mto kuliko akina mama warudio na mizigo ya majani ya ng'ombe.

“Shikamoo, mama. Maji ya mtoni yakoje leo?”

“Marahaba, mwanangu. Yamegeuka rangi tangu asubuhi. Msivuke.”

Jibu hilo latosha, rudini. Na mkiwa mmekwisha kufika, mmoja wenu akae akiutazama mto, wengine wakicheza. Maji yaliyokuwa safi yakianza kuwa na wekundu, au vijiti na majani mabichi yakielea, au mngurumo ukibadilika, au jiwe lililokuwa kavu likawa limeloa, msingoje kuona zaidi. Tokeni mtoni upesi, mkipanda upande wa bonde. Msikimbie kuufuata mto kwenda chini, kwa maana maji yatawapita. Kama mto umewatenga na njia ya nyumbani, kaeni mahali pa juu mkangoje. Mito ya mlimani hujaa upesi, na mvua ikikatika huko juu hupungua upesi vile vile, mara nyingi kwa muda wa saa chache. Kulala na njaa upande usio wenu si msiba.

Habari za mavazi ni fupi. Viatu viwe na meno chini. Kandambili ni za nyumbani. Chukueni fimbo ndefu, nguo ya kujifunika mvua, na chakula. Maji ya dimbwi la chini ya maporomoko ni baridi kupita kiasi. Mtu aliyetoka jasho akijitosa humo pumzi humkatika, hata akiwa hodari wa kuogelea.

Tena jueni kwamba msitu wa juu umekuwa sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro tangu mwaka 2005, na mtu haingii humo bila ruhusa na malipo. Njia ya Umbwe, ipandayo kutoka Kibosho, huanzia langoni pake, nayo ni kali sana. Mahali pengine mtu hukamata mizizi ya miti kama ngazi.

Neno moja zaidi kwa wale watakaokwenda mara tu baada ya mvua kubwa. Mto uliojaa huyahamisha mawe. Jiwe mlilolikanyaga mwezi jana huenda limegeuzwa, au limekaa juu ya mchanga mtupu. Mkubwa wenu atangulie, alijaribu kila jiwe kwa fimbo kabla ya kuliwekea uzito, na wadogo wavuke mmoja mmoja wakikanyaga mahali alipokanyaga yeye.