Kabla ya Kununua Boila, Soma Mita

Nyumba nyingi za Uingereza hupashwa joto na boila ya gesi, mashine ya ukubwa wa kabati dogo inayotundikwa ukutani, mara nyingi jikoni. Hupasha maji moto na kuyasukuma kwenye mabomba hadi redieta za kila chumba. Ikifa katikati ya Januari, mwenye nyumba hana nafasi ya kufikiri: fundi wa kwanza kupokea simu ndiye anayepata kazi, na bei atakayoitaja ndiyo itakayolipwa, mara nyingi pauni 2,000 hadi 3,500. Kwa familia zetu zilizohamia huko, ambazo mshahara wao una kodi, chakula na hela ya kutuma nyumbani, hilo ni pigo kubwa. Ushauri unaosikika kila mahali ni kutafuta boila ya bei nafuu. Mimi naona unafuu wenyewe hauko hapo. Boila hununuliwa mara moja, lakini gesi hulipiwa kila mwezi kwa miaka kumi au zaidi, na mwenye kipato kidogo ndiye hasa anayehitaji kuuliza swali ambalo muuzaji haulizwi: je, mashine hii inalingana na nyumba yangu, au imeizidi?

Swali hilo lina uzito kwa sababu ya namna boila za leo zinavyofanya kazi. Tangu Aprili 2005, karibu kila boila mpya ya gesi inayofungwa England na Wales inatakiwa kuwa ya aina inayovuna joto la mvuke. Gesi ikiungua hutoa mvuke wa maji, na mvuke huo hubeba takribani sehemu moja ya kumi ya joto lote. Boila za zamani ziliutupa nje kupitia bomba la moshi. Za sasa huupoza mpaka ugeuke matone, na joto lake likarudi kwenye maji ya redieta. Ila mvuke haugeuki matone iwapo maji yanayorudi kwenye boila yana joto linalozidi nyuzi 55 hivi. Sasa, boila nyingi huachwa zikituma maji ya nyuzi 75 au 80, yanayorudi yangali moto mno, na mwenye nyumba akawa amelipia mashine ya kisasa inayofanya kazi kama ya zamani. Mwaka 2022, bei ya gesi ilipopaa, shirika la Nesta liliwahimiza watu washushe joto hilo hadi nyuzi 60 kwenye boila zinazopasha maji ya bombani papo hapo. Kurekebisha hivyo ni kazi ya dakika chache na haina gharama. Wenye tangi la maji ya moto wasilishushe bila kumuuliza fundi, kwa kuwa maji yaliyotuama yakiwa vuguvugu huzalisha bakteria hatari.

Ukubwa unaohitajika unaweza kupimwa na mtu yeyote, ikiwa boila ya zamani bado inapumua. Chagua siku ya baridi kali, soma mita ya gesi asubuhi, kisha isome tena kesho yake saa ileile. Tuseme zimetumika mita za ujazo 11. Kila moja ina uniti 11 hivi, yaani kilowati-saa kama zile za umeme, kwa hiyo jumla ni uniti 121. Gawa kwa saa 24, utapata kilowati 5. Hapo umeshahesabu kupika na kuoga, na bado hujatoa joto lililopotelea kwenye bomba la moshi. Hata ukiongeza nusu yake kwa ajili ya usiku wa barafu, hufiki kilowati 8. Na nyumba kama hiyo ndiyo inayofungiwa boila ya kilowati 30.

Utaambiwa kwamba kilowati hizo ni za bafuni. Ni kweli kwa kiasi fulani: boila ya kilowati 24 hupandisha joto la maji kwa nyuzi 35 kwa kasi ya lita 10 kwa dakika, na hiyo inamtosha anayeoga, ingawa haiwatoshi wawili kwa wakati mmoja. Basi chagua ukubwa kwa ajili ya bafu, lakini mwambie fundi apunguze nguvu ya upande wa redieta, na muulize pia boila inaweza kushuka hadi kilowati ngapi. Isiyoweza kushuka huwaka, huzima na kuwaka tena kila baada ya dakika chache, na hapo gesi na vipuri vyote huliwa. Wapo wanaosema kubwa ni salama zaidi wakati wa baridi. Lakini redieta haitoi joto kuliko ukubwa wake unavyoruhusu. Nguvu ya ziada haina pa kwenda.

Pengine hata huhitaji boila mpya. Angalia kipimo cha presha: mfumo ukiwa umepoa, mshale unatakiwa kuwa kati ya 1 na 1.5. Wakati wa barafu, bomba la plastiki linalotoa yale matone nje ya nyumba huganda, na boila ikajizima yenyewe ilhali haijaharibika. Maji ya uvuguvugu juu ya bomba hilo huifufua. Redieta yenye baridi chini na joto juu ina tope jeusi la kutu, na tope hilo litaua boila mpya pia lisiposafishwa. Usafishaji huo na kichujio cha sumaku ndivyo vinavyokatwa kwanza kwenye bei ya chini, na hapo sikubaliani kabisa na ubanaji.

Wala usibane kwa fundi wa mtaani asiye na usajili. Sheria inamtaka anayeshika boila ya gesi awe amesajiliwa na Gas Safe, rejista iliyochukua nafasi ya CORGI mwaka 2009. Omba kitambulisho chake na ukigeuze: nyuma yake zimeandikwa kazi anazoruhusiwa kufanya. Gesi ya kaboni monoksaidi haina harufu, na huua watu usingizini.

Hoja iliyobaki ni ya pampu ya joto ya umeme, inayoweza kuchukua nafasi ya boila ya gesi, ambayo serikali huichangia pauni 7,500 England na Wales. Kwa mwenye nyumba yake mwenyewe, inafaa kuombewa bei kabla ya kuamua. Umeme huko, uniti kwa uniti, ni ghali mara kadhaa kuliko gesi, na pampu hufidia hilo vizuri pale tu redieta zinapotosheka na maji yasiyo moto sana. Anayenunua boila mwaka huu na kuishi majira mawili ya baridi kwa maji ya nyuzi 55 atajua redieta zipi zinatosha na zipi zibadilishwe, na atakuwa na namba za mita za kumwonyesha fundi wa pampu.