Mtoto anapotapika: Tahadhari na dawa za dukani

Katika safu yetu ya leo tutazungumzia jambo ambalo karibu kila nyumba yenye mtoto mdogo inalijua. Mtoto ametapika usiku kucha, mama hajalala, na asubuhi mtu anatumwa dukani akaombe dawa ya kutapika. Muuza duka haulizi mtoto ana umri gani wala ana kilo ngapi. Anahesabu vidonge, anavifunga katika karatasi, anasema apewe nusu mara tatu.

Kwanza tufahamu kwamba kutapika si ugonjwa, ni dalili. Kwa watoto mara nyingi chanzo ni vijidudu vya tumbo, na kutapika kwa namna hiyo hupungua kwenyewe ndani ya siku moja au mbili, hata kama kuharisha kutaendelea. Lakini malaria nayo hutapisha, homa ya uti wa mgongo hutapisha, na utumbo uliojifunga hutapisha. Ukizima matapishi bila kujua chanzo, ugonjwa unabaki ndani na siku zinapita.

Dawa ambayo wengi huijua ni metoklopramaidi, maarufu kwa jina la Plasil. Kwa mtu mzima ni dawa nzuri ikitumiwa kwa utaratibu wake. Kwa mtoto ni jambo jingine. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Ulaya iliagiza isitumike kabisa kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja, na kwa watoto wakubwa zaidi iwe dawa ya akiba tu kwa hali maalumu, kama kutapika baada ya upasuaji au kunakotokana na dawa za saratani.

Tupige hesabu. Kidonge kimoja kina miligramu 10. Mtoto wa kilo 10, hata pale daktari anapoona anaihitaji, kipimo chake kwa mara moja ni miligramu 1 hadi 1.5, na kwa siku nzima asivuke 5. Ile nusu ya muuza duka ni miligramu 5. Yaani mtoto amemaliza kipimo cha siku nzima kwa mkupuo mmoja, na mama ameambiwa arudie mchana na jioni!

Matokeo yake huonekana baada ya saa chache au siku ya pili. Shingo ya mtoto inapinda upande mmoja au kurudi nyuma. Macho yanageuka juu na kubaki huko. Ulimi unatoka nje, taya linakaza, mgongo unajikunja kama upinde. Nyumba nzima inataharuki. Mmoja anasema ni degedege, bibi anasema mtoto kapandisha, aitwe ustadhi haraka.

Mimi nimesoma madrasa kabla ya kusomea utabibu, na sitamkataza Muislamu kumsomea mwanawe. Msomeeni, lakini mkiwa njiani kwenda hospitali. Madhara haya ya dawa hutibika kwa sindano, na mara nyingi mtoto hunyooka ndani ya dakika chache hadi nusu saa hivi. Muda mnaoupoteza kwa kufukiza ubani mtoto anaumia akiwa na fahamu zake. Na hiyo ndiyo tofauti na degedege kubwa: katika degedege mtoto hupoteza fahamu, katika hali hii anawasikia na analia. Hata hivyo msikae nyumbani mkibishana ni ipi, zote mbili zinahitaji hospitali. Mtoto aliyekaza taya asinyweshwe chochote, si maji ya kombe, si asali, si mafuta, kwani vinaweza kuingia kwenye mapafu. Na ile karatasi au chupa ya dawa aliyopewa mwende nayo, kwa sababu tabibu asipoambiwa anaweza kudhani ni pepopunda au homa ya uti wa mgongo.

Dawa nyingine ni promethazini, yaani Phenergan. Wapo wazazi wanaompa mtoto ili alale kwenye boti ya Unguja au basi la safari ndefu. Mwaka 2004 Marekani ilitoa onyo kali kwamba asipewe mtoto wa chini ya miaka miwili, kwa kuwa inaweza kumzuia kupumua hadi kufa. Ipo pia ondansetroni, ambayo hospitali humpa mtoto anayetapika kiasi cha kushindwa kunywa, kwa kawaida dozi moja tu. Si ya kununua na kuendelea nayo nyumbani.

Sasa mama afanye nini? Akoroge pakiti moja ya ORS katika lita moja ya maji safi na salama, ayatumie ndani ya saa 24. Ampe kijiko kimoja cha chai kila dakika moja au mbili. Akitapika, asubiri dakika 10, kisha aendelee taratibu zaidi. Wengi hukosea hapa: mtoto ana kiu, anapewa kikombe kizima, anakirudisha chote, basi wanasema ORS haimfai. Anayenyonya aendelee kunyonya. Kama anaharisha pia, apewe na zinki kwa siku 10 hadi 14.

Mpelekeni hospitali bila kungoja iwapo anatapika kila anachopewa, hawezi kunyonya au kunywa, amelegea, ana homa, macho yamedidimia, hajakojoa kwa muda mrefu, au matapishi ni ya kijani au yana damu.

Kuhusu usafi, matapishi ni najisi kwa madhehebu yetu ya Shafi, na kina mama wengi huwa wepisi kubadilisha kanga kwa ajili ya swala. Ni vizuri. Mikono nayo ioshwe kwa sabuni kabla ya kukoroga ORS nyingine, na kanga iliyotapikiwa isitumike kumfutia mdomo mtoto wa pili.