Skrini ya kanisa mjini Wote: Kazi huanza Alhamisi, si Jumapili asubuhi

KATIKA makanisa mengi ya mjini siku hizi kuna mtu mmoja ambaye hakuna anayemwona, lakini kila mtu anasoma alichoandika. Hukaa nyuma karibu na mashine ya sauti, laptopu mbele yake, macho kwa kiongozi wa nyimbo. Akifanya kazi vizuri, hakuna atakayemkumbuka. Akikosea mara moja tu, kanisa zima linageuza shingo kumtafuta.

Mjini Wote na viunga vyake, kama ilivyo kwingi nchini, kazi hiyo huachiwa vijana. Sababu ni ile ile: “Si nyinyi ndio mnajua kompyuta?” Halafu kijana anakabidhiwa karatasi yenye majina ya nyimbo dakika kumi kabla ya ibada kuanza. Makosa mengi tunayoyaona kwenye skrini huzaliwa hapo, wala si kwa sababu kijana hajui kompyuta.

Skrini zilikuwapo kabla ya corona, lakini corona ndiyo iliyozipa nguvu. Machi 2020 serikali ilipofunga maeneo ya ibada, makanisa yalikimbilia Facebook na YouTube. Yaliporuhusiwa kufunguliwa Julai mwaka huo, sharti lilikuwa waumini wasizidi 100, ibada isipite saa moja, na walio chini ya miaka 13 au zaidi ya 58 wabaki nyumbani. Susu aliyezoea kiti cha mbele akalazimika kufuata ibada kwenye simu ya mjukuu. Masharti yalipoisha wazee wakarudi, na kamera, nyaya na projekta zikabaki. Vijana nao wakabaki na kazi.

Basi ukipewa kazi hiyo, anzia wapi?

Orodha kabla ya programu

Anza Alhamisi kwa simu mbili. Mpigie kiongozi wa nyimbo umuulize wataimba nini, kwa lugha gani, na beti zipi. Kisha mpigie mhubiri umuulize atasoma mistari gani na kutoka Biblia ipi. Swali hilo la pili wengi hulisahau. Mhubiri akisoma Union Version ya 1952 huku skrini ikionyesha Biblia Habari Njema, maana ni ile ile lakini maneno hayalingani, na waumini wanabaki kati wakijiuliza wafuate sikio au jicho.

Ndipo uende kwenye programu. Wengi huanza na PowerPoint kwa sababu wanaijua, na si vibaya. Shida yake ni kwamba inataka ujue mapema kila kitakachofuata. Kiongozi wa nyimbo akirudia kiitikio mara tano, au akiruka ubeti wa tatu kwa sababu Roho amemwongoza kwingine, utakuwa unatafuta slaidi mbele ya watu 300.

Ndiyo maana kuna programu zilizotengenezwa kwa ajili ya ibada, kama EasyWorship, ProPresenter na OpenLP. Hizi huhifadhi nyimbo kwenye hazina moja. Unatafuta kwa jina au kwa maneno yaliyomo, na unaruka kutoka ubeti hadi kiitikio kwa kubonyeza mara moja. Mstari wa Biblia unauita papo hapo kwa kuandika kitabu, sura na aya.

Mbili za kwanza hulipiwa, na hapo ndipo majaribu huingia. Utapewa flashi yenye nakala “iliyofunguliwa” na rafiki. Mbali na virusi vinavyoweza kusafiri na nakala hiyo, ni vigumu kuonyesha Amri Kumi kwa programu iliyoibwa. OpenLP ni ya bure kihalali, inafanya kazi kwenye Windows, Linux na Mac, na unaweza kuiongoza kwa simu mkiwa kwenye Wi-Fi moja.

Jua la Wote halina huruma

Jumamosi nenda kanisani ujaribu kila kitu, na ikiwezekana uende saa zile zile za ibada. Jua la Ukambani likipenya madirishani, projekta ndogo hushindwa kabisa, na picha iliyopendeza usiku nyumbani inakuwa ukungu mchana. Funga pazia upande huo, au sogeza skrini mahali penye kivuli. Pale ambapo pazia halipo, televisheni kubwa mbili pembeni husaidia kuliko projekta moja dhaifu katikati.

Kwa sababu hiyo hiyo, achana na picha za maporomoko ya maji yanayocheza nyuma ya maneno. Herufi nyeupe kubwa juu ya rangi nyeusi au samawati iliyokolea zinatosha. Weka mistari minne kwa slaidi moja, isizidi sita, na ukate mstari pale mwimbaji anapovuta pumzi. Kisha kaa kiti cha mwisho kabisa usome. Ukikodoa macho wewe mwenye miaka 22, mzee wa miaka 70 hana lake.

Video yoyote ipakue mapema. Kutegemea bando wakati wa ibada ni kujitafutia aibu ya kile kiduara kinachozunguka bila mwisho.

Jumapili fika saa moja kabla. Ukichomeka waya wa HDMI, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, uchague skrini ya pili iwe mwendelezo wa ya kwanza, si nakala yake. Hapo wewe utaona meza yako ya kazi na waumini wataona maneno tu. Funga WhatsApp na barua pepe. Ujumbe wa “babe uko wapi?” ukitokea juu ya Zaburi, mahubiri ya siku hiyo yameisha.

Stima nayo ina tabia zake. Hakikisha laptopu imejaa chaji, na uwe na nakala ya kila kitu kwenye flashi na kwenye simu. Wimbo ukianza, badilisha slaidi pale neno la mwisho linapoanza kuimbwa, usingoje liishe. Waumini husoma mbele kidogo ya midomo yao.

Karani mpya wa Kikamba

Hayo yote yanaweza kufanywa na kijana wa Nairobi au Nakuru. Lakini aliyeko Wote ana kazi moja ya ziada, na ndiyo nzito zaidi.

Ibada katika eneo hili inaweza kuanza kwa Kiswahili, ikaimbwa kwa Kikamba na kumalizika kwa Kiingereza. Wazee wanazijua nyimbo za Kikamba kwa moyo. Hata skrini ikizimika wataendelea. Sisi vijana, hasa tuliokulia mjini, ndio tunaohitaji maneno. Tunaongea Kikamba nyumbani, tunaandikiana kwa Sheng, na wengi wetu hatujawahi kuandika sentensi kamili ya lugha ya mama tangu darasa la tatu, kama tuliandika hata wakati huo.

Sasa kazi ya kuandika imetuangukia. Kikamba kina irabu saba, si tano kama Kiswahili, na maandishi yake huzitofautisha zile za ziada kwa alama juu ya herufi: ĩ na ũ. Neno mũndũ likiandikwa “mundu”, anayejua lugha ataelewa. Asiyeijua vizuri atajifunza kosa, na kesho atalifundisha.

Tatizo mara nyingi ni kibodi tu. Kwenye Microsoft Word, andika 0129 kisha ubonyeze Alt pamoja na X, utapata ĩ. Andika 0169 ufanye vivyo hivyo, utapata ũ. Nakili, bandika kwenye programu ya ibada. Chagua aina ya herufi inayozitambua alama hizo, la sivyo skrini itajaa vijisanduku vitupu. Ukimaliza, mpelekee mwaitũ au mzee mmoja wa kanisa asome kabla ya Jumapili. Atapata makosa ambayo hakuna kompyuta itakayoyaona.

Tukumbuke maandishi haya yametoka mbali. Johann Ludwig Krapf alichapisha Injili ya Marko kwa Kikamba mwaka wa 1850. Mwaka wa 1895 Peter Cameron Scott na wenzake wa Africa Inland Mission walianzisha kituo chao cha kwanza Nzaui, ndani ya Makueni ya leo. Biblia nzima ya Kikamba ilitoka 1956. Ilichukua zaidi ya miaka 100 kufikisha lugha hii kwenye kitabu kizima. Itakuwa ajabu ikianza kupotoshwa na slaidi zilizoandikwa kwa haraka Jumapili asubuhi.

Yote haya yamo mikononi mwa yule kijana aliyeketi nyuma. Hazina ya nyimbo anayoijaza leo itatumika baada yake, itanakiliwa na kanisa jirani na kusambazwa kwa flashi hadi Kathonzweni na Emali. Akiandika sawa, yuko sawa kwa maelfu. Akikosea pia.

Mali ya watu, sura za watoto

Kuna mambo mawili ya kisheria. Nyimbo nyingi za sasa zina wenyewe, na Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inawalinda. Ukirusha ibada YouTube na wimbo wa msanii ukicheza nyuma, usishangae video ikizimwa sauti. La pili, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kwa taarifa za mtoto. Kabla ya kuelekeza kamera kwa watoto wa Sunday School, waulize wazazi.

Na kwa wanaouliza kama kuna pesa: kanisani mara nyingi hakuna, labda nauli na chai. Lakini kijana anayejua kupanga slaidi, kuunganisha kamera na kutulia mambo yanapoharibika anahitajika kwenye harusi, mazishi na mikutano, na huko hulipwa. Wakubwa wa kanisa nao wasijifiche nyuma ya neno “huduma”. Kumnunulia waya mzima na kumpa orodha ya nyimbo mapema hakugharimu mengi.

Kwa hivyo Alhamisi hii, kabla ya kufungua TikTok, mpigie kiongozi wa nyimbo. Muulize wataimba nini. Na ukisikia ni cha Kikamba, muulize kinaandikwaje.