Kusoma Dini Sambamba na Kiswahili: Maelezo kwa Wanafunzi Watokao Rusizi

Kila mwanzo wa mwaka wa masomo hafiki ofisini mwanafunzi wa Rusizi bila swali hili: je, naweza kusoma dini pamoja na Kiswahili? Nyuma yake mna swali jingine asilolitamka: nyumbani watanielewaje? Mmoja alinieleza kwamba baba yake alimwuliza, "Sasa unataka uwe padri au uwe shehe?"

Mzee huyo tusimcheke. Nchini Rwanda Kiswahili kilihesabiwa kwa muda mrefu kuwa lugha ya Waislamu, wafanyabiashara na askari, na neno "umuswahili" lilitumika hata kwa maana ya Mwislamu. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi tangu mwaka 2017, lakini mazoea ya masikio hayabadilishwi na sheria kwa siku moja.

Ieleweke kwanza kwamba taaluma ya dini si seminari. Seminari na vyuo vya theolojia huandaa watumishi wa dhehebu fulani. Taaluma ya dini huuliza watu wanaamini nini, wanalisema kwa lugha gani, na imani hiyo imefanya nini katika jamii. Mwislamu wa Bugarama na Mpentekoste wa Kamembe hukaa dawati moja na kusahihishiwa kwa kipimo kimoja. Hakuna anayeulizwa anasali wapi.

Kwa nini basi iandamane na Kiswahili? Chukua mfano ulio masikioni mwa kila Mnyarwanda. Mkatoliki husema "Roho Mutagatifu"; Mprotestanti husema "Umwuka Wera". Wanamtaja yuleyule, lakini maneno ya yule wa kwanza Mswahili yeyote huyatambua bila kamusi: roho, mtakatifu. Hali kadhalika "umusaraba" ni msalaba wetu, nao msalaba tuliupata kwa Waarabu. Wamisionari wa Afrika, maarufu kama Mapadri Weupe, walifika Save mwaka 1900 na Mibilizi, huko huko Rusizi, mwaka 1903. Kwa miongo kadhaa Wakatoliki wa Rwanda walifundishwa kumwita Mwenyezi "Mungu", kabla ya jina "Imana" kupewa nafasi kanisani. Wamisionari walihofia kwamba Imana ni jina lililobeba imani za kale. Je, Mungu halikuwa nalo limebeba imani za kale za Wabantu wengine? Swali hili mwanaisimu peke yake halimalizi, wala mtaalamu wa dini peke yake.

Mfano wa pili ni John Mbiti, Mkenya aliyefundisha dini katika Chuo Kikuu cha Makerere. Katika kitabu chake African Religions and Philosophy cha mwaka 1969 alifanya maneno ya Kiswahili "sasa" na "zamani" kuwa istilahi za kueleza wazo la Waafrika juu ya wakati. Alidai kwamba Mwafrika wa jadi hakuwa na wakati ujao wa mbali, na ushahidi wake ulitoka katika nyakati za vitenzi vya Kikamba na Kikuyu. Wengi walimpinga. Nami naona walikuwa na haki, maana kukosekana kwa kiambishi hakuthibitishi kukosekana kwa fikra. Lakini nisingeweza kusema hivyo kama sikusoma sarufi!

Kuna jambo zito zaidi. Mwezi Aprili 1994 watu waliokimbilia parokia ya Mibilizi waliuawa hapo hapo, kama ilivyotokea katika makanisa mengi ya nchi. Anayesoma dini nchini Rwanda atakutana na swali hilo darasani: imekuwaje waliosali pamoja wakauana? Ajiandae. Lugha ya mahubiri, ya nyimbo na ya toba ni sehemu ya jibu, na ndiyo malighafi yetu katika idara.

Upande wa kazi, Sheria Na. 72/2018 ya tarehe 31/08/2018 ilitaka viongozi wanaosimamia mashirika ya kidini wawe na shahada ya masomo ya dini, au shahada nyingine ikiandamana na cheti halali cha masomo ya dini, na ikawapa muda wa miaka 5. Ghafla wachungaji wa makamo wakajikuta darasani. Kwa mwalimu, vyuo vikuu vya Kenya vimezoea kitambo kuoanisha Kiswahili na Elimu ya Dini ya Kikristo au ya Kiislamu katika shahada ya ualimu. Kwetu, ulizia kabla ya kujiandikisha ni masomo gani mawili yanayoruhusiwa kwenda pamoja, na kama yote mawili yataandikwa kwenye shahada. Wapo waliogundua mwaka wa tatu kwamba somo la pili lilihesabiwa kuwa la ziada tu.

Kazi ni nyingi, sifichi. Masomo yote mawili ni ya kusoma vitabu na kuandika insha, na wiki za insha hugongana. Vitabu vingi vya dini ni vya Kifaransa na Kiingereza, na Kiarabu kidogo kitakufaa. Faida yako wewe wa Rusizi ni kwamba uwanja wa utafiti uko mlangoni. Yule mwenye baba wa padri-au-shehe amechagua kuchunguza Kiswahili cha hotuba za Ijumaa huko Bugarama, na baba yake ndiye anayemtafutia mahali pa kulala.